Sauti Ishushwe au Iachwe

Mapumziko yalipofika, mwenye kibanda akachukua rimoti, kama afanyavyo kila Jumamosi. Mpira ukisimama, sauti ya televisheni hushushwa, spika iliyo mlangoni hufunguliwa, bongofleva inaanza, na watu wanatoka kununua karanga na kunyoosha migongo. Jumamosi ile mwalimu wa michezo akainuka kwenye benchi la mbele. "Mama, nakuomba, leo tuiache. Nataka nisikie huyu anasema nini kuhusu kile kiungo chao." Nyuma kabisa, dereva wa bodaboda aliyekuwa amepakata helmeti akajibu kabla mama hajafungua kinywa: "Huyo mwenyewe alifukuzwa timu, mwalimu. Atuambie nini?"

Kibanda kizima kikacheka. Mama akashusha sauti, akabaki na rimoti mkononi. Kwenye skrini, mtu mwenye suti, ambaye zamani alivaa jezi na baadaye akasimama mstarini kama kocha, akaendelea kusogeza vidoti vyekundu na vya bluu kwenye uwanja wa kuchora. Midomo yake ilikuwa inacheza. Hakuna aliyesikia alichosema.

Ilikuwa Mei, msimu wa kununua pamba umeshafunguliwa. Kasoli ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, na mwezi huo ukikaa kibanda umiza utaona nyuzi nyeupe zimeshika kwenye nywele na mabega ya watu waliotoka mizani. Kiingilio ni jero. Kuta ni mabati, paa ni bati, joto la mchana linashuka kichwani mpaka saa kumi na mbili jioni. Mimi nilikuwa mgeni, nimekwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Mjadala ulioanza pale ndani ulitoka nje chini ya mwarobaini baada ya mechi ya kwanza, ukaendelea mpaka ya pili ilipokaribia. Nimeuandika kwa sababu swali la yule dereva lilikuwa zito kuliko kicheko kilicholipokea.

Waliozungumza ni watano, ukinihesabu na mimi ni sita. Mwalimu nimeshamtaja, na dereva pia. Yuko mama mwenye kibanda. Yuko mzee mkulima, ambaye vijana wote wanamwita guku, babu kwa Kisukuma; aliponipa mkono na kunisalimu "mwadila", niliona kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda kwenda nje, hakinyooki. Na yuko binti anayeuza karanga, mwanafunzi wa sekondari, ambaye kwa saa nzima hakusema neno.

DEREVA: Mimi sina ugomvi na mtu. Nauliza kitu kimoja tu. Nikimpelekea fundi pikipiki yangu, akaiua injini, halafu kesho nimkute kijiweni anawaeleza wenzake injini inavyofunguliwa, nimsikilize? Hawa wamecheza mpira, sawa, tunawaheshimu. Wakapewa timu, zikawashinda. Sasa wamekaa kwenye kiyoyozi wanamsema kocha ambaye jasho linamtoka. Mnamkumbuka Gary Neville? Ukimsikia anachambua kwenye televisheni ya Sky ulikuwa unasema huyu akipewa timu, dunia itakoma. Desemba 2015 akapewa Valencia. Machi 2016 ameshaondoka. Mechi 16 za ligi, ameshinda 3. Barcelona wakampiga 7-0. Yale maneno yote siku hiyo yalikuwa wapi?

MWALIMU: Unamhukumu kwa miezi minne, ngosha. Yule alicheza Manchester United mechi 602. Valencia alikwenda katikati ya msimu, lugha ya wachezaji haijui, na kabla ya hapo hakuwahi kuwa kocha mkuu popote. Lakini hebu nikuulize. Aliporudi kwenye televisheni, alirudi mtu yule yule? Mimi nasema hapana. Aliyepigwa saba akiwa amesimama pale mstarini ana kitu ambacho aliyekaa kwenye kiti maisha yake yote hana. Anajua kuna siku umewaambia wachezaji kitu sahihi kabisa na kisifanyike.

Na hizo saba hata sisi tunazijua. Tarehe 14 Novemba 2015, Taifa Stars na Algeria, Dar es Salaam, 2-2. Kocha Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga wa zamani. Nchi nzima tulilala tukiwa na matumaini. Siku 3 baadaye, Blida, tukala 7-0. Na Mkwasa huyo ndiye aliyeipeleka Twiga Stars kwenye fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010. Sasa kama nataka kujua timu inavunjikaje kati ya Jumamosi na Jumanne, nimwendee nani? Aliyeshinda zote, au aliyekuwepo Blida?

DEREVA: Umwendee. Lakini akuambie alikosea wapi. Umewahi kumsikia mmoja wao anasema "hapa mimi nilikosea"?

Mwalimu alinyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilijaribu kukumbuka na sikumpata haraka.

GUKU: Mnazungumza kana kwamba msemaji na mtendaji ni watu wawili waliozaliwa vijiji tofauti. Huku Usukumani tuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Nyie vijana mnawaona Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo mnapiga picha, mnarudi. Ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna mwenye filimbi. Watu wanahama, wanakwenda walikovutwa, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ningi ndiye anayetunga, anaimba, na anacheza mbele ya kundi lake. Magoti yakichoka, hakuna aliyemwambia nyamaza sasa, huchezi tena. Alikaa pembeni, na jioni vijana walimfuata wakamuuliza: lile kundi lilivuta watu wetu saa ngapi, na kwa nini?

Mpira wetu haukuwa na hiyo jioni. Mimi nilimsikia Abdallah Kibadeni redioni, Julai 1977, Simba 6, Yanga 0, yeye peke yake katia 3. Mwaka 1993 mtu huyo ni kocha, kaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Wakatoka suluhu Abidjan na Stella, wakaja kufungwa 2-0 Dar es Salaam. Televisheni Bara ilikuwa bado haijaanza. Mambo aliyoyajua Kibadeni aliyapata mchezaji aliyefundishwa naye, basi. Sisi wa huku tulipata matokeo.

MAMA: Babu, matokeo si ndiyo yanayotakiwa?

GUKU: Mayu, nisikilize. Timu yetu ilikuwa Pamba ya Mwanza. Tuliipenda kwa sababu jina lake ni jasho letu. Ukimwaga pamba kwenye mizani ya ushirika, ulijua sehemu yake inavaa jezi kwenye uwanja wa Kirumba. Nteze John, Fumo Felician, Hussein Masha, George Masatu, Khalfan Ngassa, huyo baba yake Mrisho. Mwaka 1990 ikatwaa ubingwa wa Muungano. Niliiona kwa macho yangu, nimepanda lori la marobota mpaka Mwanza. Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kumsikia mmoja wao akieleza Pamba ile ilichezaje? Wangekuwa na kiti kile cha suti, leo huyu mwalimu angekuwa na kitu cha kuwafundisha watoto. Yamepotea. Sisi tuliokuwa majukwaani tunakumbuka mabao, hatujui yalitengenezwaje.

Hii hoja ya guku ndiyo iliyonifanya nianze kuandika nyuma ya risiti. Tumezoea kuuliza kama mchambuzi ana haki ya kusema. Yeye aliuliza nani amepoteza pale wasiposema.

Mama aliweka rimoti mfukoni mwa kitenge, akaingia kwa upande wake.

MAMA: Mimi naongea kwa hesabu, mtanisamehe. Jero ya mlangoni inalipa king'amuzi na umeme. Faida yangu iko kwenye zile dakika 15. Nikiacha wachambuzi wanaongea, watu wanabaki wamekaa, karanga hazitoki, soda hazitoki. Lakini nisiwe mwongo, wangekuwa wanasema kitu, ningewaacha. Mechi ni ya timu mbili za mikoani, watoto wa watu wamekimbia dakika 45. Mapumziko yakifika, mazungumzo ni Simba na Yanga. Nani anasajiliwa, nani hasalimiani na nani. Hiyo hata saluni ipo. Mwaka 2021 tuliambiwa Azam Media na TFF wamesaini mkataba wa kuonyesha ligi, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Nilifurahi, maana bila huo mkataba mimi sina kibanda. Ligi yetu inaonekana Kasoli, mtoto anamwona kijana wa Mara, wa Kagera, wa Mwanza anacheza. Hilo ni jambo kubwa. Ila mtu aliyecheza mpira miaka 15, akafundisha miaka mingine 10, ukimpa maiki azungumzie ugomvi wa viongozi, umemdhulumu na yeye.

DEREVA: Anajidhulumu mwenyewe. Anajua kiki iko wapi.

MWALIMU: Tusikimbilie kumlaumu. Tuulize kwanza amefikaje pale kwenye kiti. Wengi hawakuliacha benchi, benchi ndilo lililowaacha. Nikupe mfano mmoja, Juma Mgunda. Yumo kwenye Coastal Union iliyochukua ubingwa mwaka 1988. Akaja kuifundisha Coastal hiyo hiyo, Tanga, bila kelele. Septemba 2022 Simba imeachana na kocha Zoran Maki, Ligi ya Mabingwa iko mlangoni, akaitwa. Akaenda Malawi, Big Bullets 2-0. Wakaja Dar es Salaam, 2-0. Akaenda Luanda kwa Primeiro de Agosto, kule ambako wengi wetu tulishajiandaa kwa msiba, akashinda 3-1. Nyumbani 1-0. Mechi 4, kashinda 4, karuhusu bao 1, Simba iko makundi. Unajua kilichofuata?

DEREVA: Akaja Robertinho.

MWALIMU: Januari 2023, Mbrazili. Mgunda akarudi chini yake. Aprili 2024 kocha wa Simba, Benchikha, kaondoka, aliyeitwa ni nani? Mgunda. Kaimu kwa mara nyingine. Neno hilo kaimu limewala makocha wetu. Unapewa nyumba siku paa limeezuliwa, ukimaliza kuezeka unaambiwa asante, mwenye nyumba anakuja na ndege.

DEREVA: Mbona alikubali?

MWALIMU: Alikubali kwa sababu ni kazi yake na anaipenda. Ungekuwa wewe ungekataa? Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast. Tumefungwa na Morocco 3-0. Kocha wetu Adel Amrouche alikuwa ametamka maneno kwenye televisheni kuhusu Morocco na CAF. CAF ikamfungia mechi 8, TFF ikamsimamisha. Mashindano yanaendelea, hakuna kocha. Nani wakakaa kwenye benchi? Hemed Suleiman, na msaidizi wake ni huyo huyo Mgunda. Sare ya 1-1 na Zambia, 0-0 na DR Congo. Novemba 2024, Hemed yuko benchi, tunaifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa, tumefuzu AFCON nyingine. Agosti 2025 anatufikisha robo fainali ya CHAN. Novemba 2025, mashindano yenyewe yako mwezi mmoja mbele, akapewa timu Miguel Gamondi.

GUKU: Gamondi si mwalimu mbaya.

MWALIMU: Sikusema mbaya, guku. Yanga imemfaidi. Nasema kuhusu huyu mwingine aliyelima mpaka palizi ya mwisho.

Dereva alikuwa amekaa kimya, anabonyeza kioo cha helmeti juu na chini. Kisha akasema jambo ambalo nimeendelea kulitafakari: "Ila mmeona? Kocha kasema maneno machache, kafungiwa mechi 8. Mchambuzi kila siku anasema, na analipwa. Ndiyo maana sisi tunaona mmoja yuko hatarini na mwingine hayuko. Maneno yasiyo na gharama, mimi siwezi kuyapa uzito."

Nilikuwa nimejiwekea kusikiliza tu. Hapo nikashindwa.

Niliwaeleza habari za Jacob Mulee, ambaye Kenya nzima inamwita Ghost. Kwa mtu wa Kasoli Kenya si mbali. Ukishuka Lamadi ukashika barabara ya Musoma, mpaka wa Sirari uko mbele yako. Mulee alipokabidhiwa Harambee Stars, Kenya ilikuwa haijaonekana kwenye fainali za Afrika tangu 1992. Akaipeleka Tunisia mwaka 2004. Wakafungwa na Mali 3-1, wakafungwa na Senegal 3-0, na katika mechi ya mwisho, ambayo haikuwa na faida yoyote kwenye msimamo, wakaifunga Burkina Faso 3-0, Dennis Oliech akiwa mmoja wa wafungaji. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya fainali hizo. Kocha mwingine angebaki na hiyo kumbukumbu, akaila mpaka uzeeni. Yeye akawa sauti ya asubuhi ya Radio Jambo pamoja na Gidi. Akafanya na uchambuzi wa televisheni. Mtu akinywa chai yake Nakuru au Kisii alikuwa naye mezani. Kazi ya namna hiyo inampa mtu upendo wa watu bila kumdai alama tatu.

Oktoba 2020 shirikisho la Kenya likamwita tena achukue timu ya taifa baada ya Francis Kimanzi. Akainuka kwenye kiti. Mwezi uliofuata akatoka sare ya 1-1 na Comoro Nairobi, akafungwa 2-1 Moroni. Machi 2021 akaibana Misri 1-1, akaenda Lomé akaifunga Togo 2-1, lakini hesabu za kufuzu zilikuwa zimeshakwisha. Septemba akatoka suluhu na Uganda, sare na Rwanda kule Kigali, na kabla mwezi haujaisha yeye na shirikisho wakaachana. Fikiria kila neno alilowahi kulisema kuhusu makocha wengine kwa miaka yote ile. Watu walikuwa nalo. Walimrudishia. Na alijua watamrudishia, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye maiki muda mrefu kuliko wengi ndiye anayejua zaidi maiki inafanya nini.

DEREVA: Huyo namheshimu.

MIMI: Ingawa alishindwa?

DEREVA: Aliinuka. Nilichokuwa nakisema ni hicho.

MWALIMU: Wapo walioinuka wakaelekea kwingine. Ally Mayay, nahodha wa Yanga enzi zile, tumemzoea kwenye uchambuzi. Mwaka 2017 akagombea urais wa TFF, Dodoma, akashindwa, akashinda Wallace Karia. Mwaka 2022 akateuliwa Mkurugenzi wa Maendeleo ya Michezo wizarani. Kutoka kuusema mpira mpaka kuusimamia. Huyo naye si amejiweka mahali pa kuulizwa?

MAMA: Tena huko ndiko pa kuulizwa zaidi. Nikimpata nitamuuliza uwanja wa shule yetu.

Kicheko kikarudi, cha kirafiki safari hii. Mechi ya kwanza ilikuwa imekwisha zamani, jua linashuka nyuma ya mashamba, watu wengi wameondoka kwenda kula. Mwalimu akaingia ndani akatoka na kopo la vizibo vya soda na benchi moja. Vyekundu vya Coca-Cola, vya bluu vya Pepsi. Akavipanga juu ya ubao wa benchi, kumi na moja kwa kumi na moja.

"Njooni niwaonyeshe nilichotaka kusikia," akasema.

Aliweka kizibo chekundu, namba 6, mbele ya mabeki wawili wa kati. Kisha akakivuta taratibu kwa kidole mpaka kikaingia katikati yao. Mabeki wawili wakatanuka. Beki wa kulia na wa kushoto wakapanda juu, karibu na mstari wa kati. "Ndivyo walivyofanya kipindi chote cha kwanza. Mliona ile timu ilivyokuwa inatoka na mpira bila kupaparika? Washambuliaji wawili wa bluu wakija kukaba, hapa nyuma kuna watatu. Mmoja lazima yuko huru."

Dereva aliinama juu ya ubao. Akakitazama kizibo, akatazama shimo kilikotoka. "Huyu akishuka, katikati anabaki nani? Wa bluu wakiupora hapa, si wanakwenda moja kwa moja?"

Mwalimu akamtazama kwa muda. "Swali hilo hasa ndilo nilitaka kumsikia yule akilijibu. Alikuwa ameanza kukisogeza hiki mama akashusha sauti."

Hakusema kwa kulaumu. Mama akatazama chini.

Kisha mwalimu akaeleza kitu ambacho nadhani alikuwa hajawahi kumwambia mtu pale. Yeye amesomea kufundisha hesabu. Michezo alikabidhiwa mwaka alioripoti shuleni kwa sababu ndiye aliyekuwa kijana kuliko walimu wote. Malya, kwenye Chuo cha Maendeleo ya Michezo, si mbali. Ni Kwimba, ng'ambo tu ya Maswa, anapita hapo na basi. Nafasi na ada ndivyo vilivyo mbali. Kwa hiyo ana daftari la mistari, ameanza kulijaza miaka mitano iliyopita, kila ukurasa una uwanja uliochorwa kwa kalamu na mishale. Alilitoa mfukoni akanipa. Kurasa nyingi zilikuwa nusu: mishale inaanza, halafu inakatika, na pembeni ameandika "tangazo" au "sauti". Watoto wa shule yake wanaocheza UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wanafundishwa kutoka kwenye daftari hilo.

Nimekaa vyumba vya habari miaka mingi na nimewasikia wahariri wakibishana kama watazamaji wanataka mbinu au wanataka vituko. Sikuwahi kumwona mtazamaji mwenye daftari. Tangu siku hiyo nina msimamo, na nausema wazi: mtu aliyecheza, akafundisha, akafukuzwa, akakaa kwenye kile kiti, ana deni kwa ukurasa ule uliokatika. Kufukuzwa kwake hakunisumbui. Kinachonisumbua ni dakika anayopewa aeleze namba 6 inashukaje, akaitumia kueleza nani ataondoka dirisha dogo. Na wanaompangia kipindi wana deni hilo hilo, pengine kubwa zaidi, kwa sababu wao ndio wenye kukata.

Guku alikuwa ameshika kizibo cha namba 8. Akakisogeza nyuma na ndani, kwenye lile shimo, nusu tu. "Huyu hapandi mpaka yule arudi," akamwambia dereva. "Pamba walikuwa wanafanya hivi. Nilikuwa namwona Masha anatazama nyuma kila mara, nikadhani anaogopa."

Hapo ndipo binti wa karanga aliposema. Alikuwa ameweka sinia kichwani, akalitua.

BINTI: Shikamoo guku. Samahani. Nyie wote mnazungumzia namba 6 na namba 8. Mimi ni kipa wa shule. Tangu nimeanza kukaa hapa, kuhusu kipa nimesikia kitu kimoja tu: kipa amekosea. Amekosea nini? Alisimama wapi, na alitakiwa asimame wapi? Mwalimu hata kwenye daftari lako hakuna kipa, nimelisoma. Na wasichana hawamo kabisa. Ester Chabruma alicheza Twiga Stars mpaka watu wakamwita Lunyamila, sasa ni kocha, JKT Queens imepita mikononi mwake. Ningependa mapumziko yakifika nimwone yeye pale na vidoti. Nikiona mtu kama yeye, karanga nitauza baadaye.

GUKU: Lunyamila mwenyewe nilimwona, Edibily, akiwa Biashara Shinyanga, kabla Yanga hawajamchukua. Wakati huo huku kote ni Shinyanga, Simiyu haijazaliwa. Alikuwa winga wa kukimbiza watu mpaka wanasahau walikotoka.

BINTI: Alikufunga?

Swali lilikuja ghafla. Guku akainua mkono wa kushoto, akakitazama kile kidole kilichopinda, kama vile ni yeye aliyekiona kwa mara ya kwanza.

"Yeye hapana," akasema. "Hiki ni mwingine, kwenye timu za ushirika, uwanja una mawe. Tulikuwa hatuvai glovu."

Hata mwalimu hakuwa anajua. Miaka yote hiyo amekaa naye benchi moja, kipa wa zamani yuko pembeni yake na daftari halina kipa.

"Kona inapigwa," binti akasema. "Nasimama wapi?"

Guku akaomba madumu mawili ya maji. Mama akayaleta mwenyewe. Akayaweka chini kwa hatua, akihesabu kwa mdomo, akarudi akasogeza moja kidogo. Giza lilikuwa limeshaanza, kwa hiyo dereva akawasha pikipiki, akaigeuza taa ikaangaza pale katikati ya madumu. Mpira ukatoka shuleni, mmoja wa watoto alikwenda kuuchukua mbio. Guku akavua koti, akamkabidhi mwalimu, akasimama.

"Sio hapo kwenye dumu. Watu wanakufundisha ushike mlingoti, unabaki umefungwa. Njoo katikati, rudi hatua moja nyuma ya katikati, kwa sababu kwenda mbele ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume. Mwili usiutazame mpira mzima mzima. Geuka nusu, uwaone na hawa wanaokuja. Sasa magoti. Legeza. Hapo. Na ukiamua kutoka, toka kweli, piga kelele wakusikie, usiishie njiani."

Binti akasimama kama alivyoelekezwa. Guku akamshika bega akamgeuza nyuzi chache. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, daftari juu ya paja, anachora kwa mwanga wa pikipiki.

Ndani, watangazaji walikuwa wameanza kusoma majina ya vikosi vya mechi ya pili. Mama akaita mara moja. Mara ya pili hakuita.

Dereva, aliyepewa kazi ya kupiga kona, aliuweka mpira chini karibu na tairi la nyuma, akauliza apige ya juu au ya chini. Guku akamwambia apige ya juu, iingie karibu na dumu la kwanza, na asimwonee huruma mtu.